Simuleti filta ya kelele kabla hujaprinti bodi

Konveta yako ya 12 V inarudisha kelele kwenye waya wa umeme? Fungua LTspice, programu ya bure ya kusimuleti saketi, chora indakta 10 µH na kapasita 10 µF, hapo filta inaanza kukata karibu 16 kHz. Ila kapasita ya kwenye skrini ni malaika, ya dukani sio, so raiti kliki ujaze indaktansi yake ya mfululizo 1 nH, indakta nayo ipe 10 pF sambamba, halafu ran AC (jaribio linalopitia masafa moja moja) mpaka 30 MHz uone kapasita inavyogeuka kuwa indakta kuanzia kama 1.6 MHz. Ukiona kilele pale 16 kHz ongeza kapasita ya elektrolitiki 47 µF yenye rezista ya ohm 1 kwa mfululizo, zote sambamba na ile kapasita ya 10 µF, kinashuka chap.