Kuchonga Wakati Picha Zimejaa Kila Mahali: Mwongozo kwa Wachongaji wa Mtwara

Siku hizi mteja anayefika kwa mchongaji hapa Mikindani hunyoosha simu kabla ya kusema anachotaka, na picha iliyomo imekwisha kupita kwa watu wengi kiasi kwamba hakuna anayejua kitu chenyewe kiko wapi. Usimkatalie, lakini usianze kuchonga kwa kuitegemea picha hiyo peke yake.

Nikiwa mwanafunzi nilichonga lipiko, kinyago cha Wamakonde kinachovaliwa kichwani katika ngoma ya mapiko, kutokana na picha, bila kuwahi kulishika la kweli. Pichani mdomo ulionekana mweusi tu, nami nikaupaka rangi nyeusi nikaendelea. Mzee mmoja wa ngoma alipolijaribu kichwani, akaliinamisha nyuma kama ilivyo desturi, alilivua papo hapo, kwa sababu mchezaji wa mapiko huona njia kupitia tundu la mdomo, na mdomo wa lipiko langu haukutobolewa.

Kwa hiyo tafuta kwanza kitu chenyewe, au mtu aliyewahi kukitumia, umuulize uzito wake, unene wa ukingo na namna kinavyokaa mwilini. Ukikipata, simu ibaki mfukoni mpaka umekizunguka na kukichora kwa mkaa mbele, ubavuni na nyuma, kwa maana mkono unaochora hulazimika kusimama pale ambapo jicho lililozoea kupekua picha hupita haraka.

Kazi yako nayo itapigwa picha, utake usitake, basi ni heri picha ya kwanza iwe yako. Mpingo uliosuguliwa kwa msasa na kupakwa nta hung'aa, na jua kali huutia mabaka meupe. Upige asubuhi, kivulini karibu na mlango, juu ya mkeka usio na urembo. Ukiuweka mbele ya shuka jeupe, simu hupunguza mwanga na mchongo hugeuka kivuli. Gusa sehemu nyeusi kwenye kioo ili ipime mwanga hapo. Hifadhi picha halisi, kwa kuwa picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na alama ndogo za patasi ndizo hupotea kwanza.

Chonga jina na mwaka kwenye kitako kabla ya kupaka nta, kisha upige picha hapo pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi tangu inapoundwa, bila kusubiri usajili, ila alama hiyo itakusaidia kuthibitisha kuwa ni yako. Sheria hiyo haikupi umiliki wa mtindo wa ujamaa, watu waliobebana kwenye gogo moja, ambao tumeurithi sote.

Mteja akitaka vinyago kumi vinavyofanana, mimi hukubali, lakini huficha cha kwanza na kuanza kila gogo upya kwa kufuata upana wa mti mweupe ulio chini ya gome lake, nami humwambia mapema kwamba vimo havitalingana.