Mbwa akitoka upasuaji wa goti: mazoezi ya nyumbani

Hatari kubwa haiji siku ya tatu, huja wiki ya tatu. Nyuzi zimetolewa, maumivu yamepungua, naye mbwa anajiona mzima. Kama upasuaji wake ulikuwa wa kukata mfupa na kuufunga bamba la chuma kwa skrubu, mfupa huo huchukua wiki 8 hadi 12 kushikana. Akirukia kochi kabla ya hapo, skrubu zinaweza kulegea.

Anza na sakafu. Taili za nyumba zetu za Nairobi ni barafu kwa mguu dhaifu, kwa hiyo tandika mikeka ya mpira kutoka anapolala hadi anapokula. Kwenye ngazi mbebe. Akiwa mzito, pitisha leso chini ya tumbo, mbele tu ya mapaja, umwinue kidogo anapotembea. Kwa dume, angalia isimbane uume.

Siku 3 za kwanza, kanda goti kwa baridi: pakiti ya minji kutoka friza, imefungwa kwa taulo nyembamba, dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Uvimbe ukishaisha, hasa asubuhi za baridi ya Julai, badilisha uweke kitambaa cha uvuguvugu kabla ya mazoezi.

Daktari akiruhusu kukunja mguu, mlaze ubavu, mguu mgonjwa uwe juu. Shika juu ya goti kwa mkono mmoja na chini yake kwa mwingine. Usivute wayo, utalipinda goti. Kunja polepole, akikaza misuli au akigeuza kichwa kukutazama, hapo ndipo mwisho, rudi. Nyoosha vivyo hivyo. Mara 10, awamu 3 kwa siku.

Matembezi ndiyo dawa yenyewe, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Akienda kasi atauinua mguu na kurukaruka kwa mitatu. Akienda polepole, hana budi kuukanyagia. Kamba fupi, dakika 5, mara 3 kwa siku, ukiongeza dakika 5 kila wiki. Kesho yake akichechemea zaidi, punguza nusu.

Panadol na ibuprofeni za watu usimpe, hata nusu kidonge. Akiacha ghafla kukanyaga, au kidonda kikitoa usaha, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.