Presha ya mimba: soma namba kwenye kadi yako, usisubiri kuambiwa

Wadada wajawazito na nyie wenye wake wajawazito, hili lisomeni mpaka mwisho. Presha ya mimba inaua na mara nyingi haina dalili mwanzoni, mtu anapika anafua anaenda sokoni yuko poa kabisa kumbe presha iko juu, kinachoweza kumshtua ni kipimo tu.

Kwa hiyo usitoke kliniki bila kupimwa presha na mkojo, kila hudhurio, sio lile la kwanza tu. Kupimwa uzito na kushikwa tumbo halafu unaambiwa njoo mwezi ujao, hapo hujahudumiwa vizuri na una haki ya kuuliza. Kabla ya kipimo kaa upumzike kama dakika 5, miguu iguse chini, usiongee, kisha uliza namba na uangalie kama imeandikwa kwenye kadi. Ikiwa mimba imepita wiki 20 na presha imefika 140 kwa 90, hata ikifika moja tu kati ya hizo namba, wanatakiwa warudie kupima na waangalie protini kwenye mkojo, wasikwambie tu punguza chumvi. 160 kwa 110 ni dharura, hospitali siku hiyohiyo.

Kama mimba iliyopita ulipata presha, au una kisukari, au umebeba mapacha, sema mapema kabisa, ikiwezekana kabla ya wiki 12, maana kuna aspirini ya dozi ndogo dokta anaweza kukuanzishia. Usijinunulie mwenyewe duka la dawa.

Nyumbani sasa. Kichwa kinagonga na panadol haisaidii, macho yanaona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu hasa kulia, umeamka uso umevimba na pete haitoki kidoleni, nenda. Miguu kuvimba jioni inawapata wengi, ila uso na mikono kuvimba ghafla ni habari nyingine. Mtoto amepunguza kucheza, damu inatoka, chupa imepasuka, hapo pia usingoje tarehe ya kliniki, tafuteni usafiri hata kama ni saa nane usiku.

Mjamzito akikakamaa na kuanza kutetemeka, hicho ni kifafa cha mimba, sio majini jamani, na kila dakika mnayotumia kumtafuta wa kumsomea mnamchelewesha. Mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe chochote, mkimbizeni. Dawa yake ni sindano ya magnesiamu salfeti, na zahanati iliyojipanga inamchoma dozi ya kwanza palepale ndio inampa rufaa.

Na wengi wanadhani ukishajifungua imeisha. Haijaisha, presha inaweza kupanda mpaka wiki 6 baada ya kujifungua. Mtoto akitoka tu, mama achomwe oksitosini ya kuzuia damu kumwagika, nesi awe anapita kushika tumbo na kuangalia damu, na kabla ya ruhusa apimwe presha tena. Akifika nyumbani pedi ikawa inajaa ndani ya saa moja, au kichwa kikaanza, arudi. Arudi pia kupimwa siku ya 3, halafu kati ya siku ya 7 na 14, halafu wiki ya 6, na asiende kwa ajili ya chanjo ya mtoto tu, adai na yeye apimwe presha.