CBAM kwa mwagizaji wa chuma Ulaya: anza na kilo, si bei ya ankara

Nafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Antwerp. Siku hizi napigiwa simu na Waswahili wenzangu wenye biashara ndogo Ubelgiji na Uholanzi, wanaoagiza bolti, mabomba na alumini kutoka China, India au Uturuki. Swali ni lilelile, kuhusu CBAM, yaani malipo ya Umoja wa Ulaya kwa hewa ukaa iliyotoka bidhaa ya nje ilipotengenezwa: "Hii CBAM nailipia bandarini?" Hapana. Bandarini huilipii senti. Deni linajengeka kimyakimya mwaka mzima, nawe unalilipa mwaka unaofuata, mzigo ukiwa umeshauzwa na faida imeshatumika. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Viwanda vya ndani ya Umoja wa Ulaya hulipia hewa ukaa vinayotoa. Tangu tarehe 1 Januari 2026, bidhaa za nje nazo zinalipiwa, na anayelipa ni mwagizaji, si kiwanda cha kule.

Hatua ya 1: Soma msimbo wa forodha

Sekta ni sita: saruji, chuma, alumini, mbolea, hidrojeni na umeme. Ila jina la bidhaa halitoshi. Chukua tamko lako la forodha la mwisho, tazama tarakimu nne za mwanzo. Bolti, nati na skrubu ni 7318, zimo. Misumari ni 7317, haimo. Kontena moja linaweza kubeba vyote viwili, kwa hiyo pitia mstari kwa mstari. Tazama pia nchi ilikotengenezwa: mzigo wa China uliopitia Dubai bado ni wa China.

Hatua ya 2: Jumlisha uzito wa mwaka

Ukiagiza tani 50 au pungufu kwa mwaka, uzito halisi bila vifungashio, umesamehewa. Hidrojeni na umeme havina msamaha huo. Tani hizo ni za bidhaa zako zote za CBAM kwa pamoja: bolti, alumini, mbolea. Na ukivuka, hulipii zile za ziada tu. Kila kilo iliyoingia tangu Januari inahesabiwa. Mwenye tani 48 mwezi Oktoba asikubali kontena la tani 5 kwa sababu tu bei ni nzuri.

Hatua ya 3: Omba idhini kabla ya kuvuka

Ukivuka tani 50 unahitaji idhini ya kuagiza bidhaa za CBAM. Maombi yanapita kwenye rejista ya CBAM ya mtandaoni, na uamuzi unaweza kuchukua siku 120. Usisubiri meli iondoke. Deni la CBAM hulipwa kwa kununua vyeti, kimoja kwa kila tani ya hewa ukaa. Faini ya kawaida ni euro 100 kwa kila cheti kilichokosekana. Aliyeingiza mzigo bila idhini anaweza kutozwa mara 3 hadi 5 ya hiyo.

Hatua ya 4: Pata takwimu za kiwanda kabla ya kusaini mkataba

Nakuomba utulie hapa, maana fedha nyingi zinapotea au kuokolewa kwenye hatua hii. Mteja wangu mmoja aliomba takwimu za hewa ukaa, kiwanda kikamtumia cheti cha ISO 14001 chenye muhuri mzuri. Cheti hicho kinasema kiwanda kina utaratibu wa kusimamia mazingira. Hakisemi tani ngapi za hewa ukaa zimo ndani ya tani moja ya bolti. Wakati huo mzigo ulishalipiwa, na kiwanda hakikuwa na haraka tena ya kujibu.

Kwenye bolti, sehemu kubwa ya hewa ukaa haitoki kwenye mashine ya kukata nyuzi, inatoka kwenye chuma chenyewe. Chuma cha tanuru la makaa kina mzigo mkubwa kuliko cha tanuru la umeme linaloyeyusha chakavu. Andika hivi:

"Tunaomba kiasi cha hewa ukaa kwa kila tani ya bidhaa hii, jina la kiwanda kilichoyeyusha chuma mlichotumia, na ripoti ya mhakiki mwenye ithibati."

Bila uhakiki, utatumia viwango vya kukadiria vya Kamisheni ya Ulaya, ambavyo kwa chuma vimeongezewa asilimia 10 mwaka 2026, 20 mwaka 2027 na 30 kuanzia 2028.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Tuchukue namba za mfano. Umeagiza tani 100, kila moja ina tani 2.3 za hewa ukaa: jumla 230. Kipimo rejea, yaani kiasi cha hewa ukaa kwa tani ya bidhaa kinachotumika kukokotoa punguzo, tuseme ni 1.4. Mwaka 2026 unapunguziwa asilimia 97.5 ya kipimo hicho: 100 × 1.4 × 0.975 = 136.5. Zinabaki 93.5. Cheti kikiwa euro 75, deni ni takriban euro 7,013. Punguzo hilo linashuka kila mwaka hadi kuisha 2034, kwa hiyo mzigo uleule utakugharimu zaidi. Kama kiwanda kilishalipia kaboni nchini kwake, dai ushahidi. Kiasi hicho kinakatwa.

Hatua ya 6: Kalenda

Vyeti vinaanza kuuzwa tarehe 1 Februari 2027. Tamko la mizigo ya 2026 pamoja na vyeti vyake, mwisho ni tarehe 30 Septemba 2027. Wateja wangu nawawekea deni hili kwenye karatasi ya gharama siku ileile kontena linapotoka bandarini, mstari wake peke yake chini ya ushuru na usafiri, na bei ya kuuzia tunaipanga baada ya mstari huo.