Kupiga picha Nebula ya Waridi ukiwa karibu na ikweta

Miongozo mingi ya picha za anga huanza kwa kukuambia uelekeze mhimili wa traka (kifaa kinachozungusha kamera polepole ili ifuate nyota) kwenye Nyota ya Kaskazini. Hapa Same, nyuzi 4 kusini ya ikweta, nyota hiyo haichomozi. Kwa hiyo tufanye kwa njia yetu.

1. Ngoja giza. Fuata hesabu ya wavuvi wa dagaa: siku za giza tu. Januari na Februari, vuli imekwisha na masika bado, ndio wakati wake. Mwishoni mwa Januari, saa nne na nusu usiku, nebula hii, wingu kubwa la gesi angani, iko karibu utosini.

2. Itafute. Toka Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya begani mwa Jabari (kundi la nyota la Orion), nenda theluthi ya njia kuelekea nyota ya Procyon. Kwa darubini ya mkononi ya 10×50 utaona nyota sita, tatu huku tatu huku, kama sita ya kete ya dhumna. Hicho ni kishada cha nyota NGC 2244. Nebula imekizunguka, upana wake angani zaidi ya Miezi miwili mipevu iliyopangwa kando kwa kando, ila kwa jicho ni ukungu wa kijivu, tena mpaka uwe na teleskopu yenye filta ya OIII (inayopitisha mwanga wa oksijeni). Wekundu ni kazi ya kamera.

3. Panga mhimili. Usiku mwingi huharibikia hapa. Traka ielekee kusini, mhimili uinuke nyuzi 4 tu. Pima kwa simu. Traka yangu haishuki hadi hapo, kwa hiyo nimetia kabari ya mbao chini ya mguu mmoja wa stendi. Piga picha moja ya dakika 2. Nyota zikivutika, sogeza kidogo, piga tena. Mimi humaliza karibu saa nzima, wala sioni aibu.

4. Fokasi. Kuza Betelgeuse mara 10 kwenye skrini, zungusha lenzi hadi ibaki kinukta, kisha bandika selotepu. Usiku wangu wa kwanza sikubandika: picha 40, nyota zote zimevimba kama maandazi.

5. Piga. Lenzi ya 135 mm, f/2.8, ISO 1600, sekunde 120, picha 60. Filta iliyo mbele ya sensa ya kamera ya kawaida huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa haidrojeni, nanomita 656, hivyo picha moja moja zitaonekana tupu. Usizifute! Ongeza 20 za muda uleule, lenzi ikiwa imefunikwa; hizi ni za kuondolea madoa ya sensa wakati wa kuunganisha.

6. Unganisha picha zote ziwe moja. Natumia programu ya Siril, ni ya bure. Vuta mwanga, yaani ng'arisha sehemu hafifu, polepole. Tundu katikati ya waridi usilizibe kwa rangi: upepo wa nyota changa za kishada kile ndio uliosukuma gesi pembeni.