Namna ya kusoma utetezi wa Socrates mbele ya mahakama ya Athens

Anayetaka kuuelewa utetezi wa Socrates, mwanafalsafa wa Kigiriki, kama ulivyoandikwa na mwanafunzi wake Plato, aanze kwa kujua utaratibu wa mahakama yenyewe. Mwaka 399 KK, mamia ya raia waliopatikana kwa bahati nasibu ndio waliosikiliza kesi na kupiga kura, kwanza kuhusu hatia, kisha kuhusu adhabu. Kwa hiyo yagawe maandishi hayo katika sehemu tatu: hotuba ndefu kabla ya kura ya kwanza, hotuba fupi ya kupendekeza adhabu, na maneno ya mwisho baada ya hukumu ya kifo.

Katika sehemu ya kwanza, fuatilia kwa makini anavyomhoji Meletus. Mshtaki huyo anadai kwamba Socrates haamini mungu yeyote, ilhali hati yake mwenyewe inamtuhumu kuingiza mambo mapya ya kimungu, na hapo shtaka linajipinga lenyewe.

Tua zaidi kwenye matukio mawili anayoyatoa kuwa ushahidi, maana ndiyo yanayoonyesha msimamo wake kwa matendo. Mwaka 406 KK, akiwa mjumbe wa baraza, alikataa majemadari wa vita vya Arginusae wahukumiwe kwa pamoja kinyume cha sheria, ingawa umati ulikuwa ukipiga kelele. Baadaye, watawala Thelathini, kundi dogo lililoitawala Athens kimabavu, walipomwamuru yeye na wenzake wanne wakamlete Leon wa Salamis ili auawe, wenzake walikwenda, naye akashika njia ya nyumbani. Tukio la kwanza lilikuwa chini ya demokrasia na la pili chini ya udhalimu wa wachache. Kwa maoni yangu, anayemsoma Socrates kama mfuasi wa upande mmoja wa siasa hajayapima mawili haya pamoja.

Alipopatikana na hatia, alisema anastahili kulishwa kwa gharama ya mji kama washindi wa Olympia, ndipo akataja faini ya mina 1 (mina ni kipimo cha fedha cha Wagiriki wa kale), na hatimaye mina 30 kwa dhamana ya rafiki zake. Wengi huona kiburi hapo. Isome kwanza kama hoja: aliyesadiki kwamba hakumdhulumu mtu angejipangiaje adhabu?

Ukimaliza, linganisha na maelezo ya Xenophon, mfuasi mwingine wa Socrates, ambaye hakuwapo Athens wakati wa kesi. Yeye anaeleza majivuno ya Socrates kwa kusema kwamba aliona heri afe kabla ya taabu za uzee. Plato, aliyekuwapo mahakamani, anaueleza msimamo huo kwa utii wa Socrates kwa mungu.