Namna ya Kusoma Hekalu la Kirumi, Ukianzia Mtaa wa Banda

Mtu aliyezoea kuswali katika Msikiti wa Jamia, hapa Nairobi, au kuhudhuria misa katika Basilika ya Familia Takatifu, huenda akakosea mara tu anapotazama picha ya hekalu la Kirumi, kwa kuwa macho yake yatakimbilia mlangoni kutafuta mahali walipokaa waumini. Mahali hapo hapakuwapo. Ibada ya hadhara ilifanyika nje, kwenye madhabahu yaliyosimama mbele ya jengo, nacho chumba cha ndani kilikuwa makao ya sanamu ya mungu na hifadhi ya vitu alivyotolewa. Kwa hiyo anza usomaji wako uwanjani, na ndani uingie mwisho.

Kwanza itambue ardhi. Neno la Kilatini templum halikutaja jengo hapo awali, bali eneo ambalo auguri, yaani kuhani aliyesoma ishara za ndege, aliliwekea mipaka kwa maneno ya ibada. Jengo liliitwa aedes, nyumba ya mungu. Mambo haya mawili hayakuambatana sikuzote, kwani nyumba ya Vesta, mungu wa kike wa meko, mjini Roma, ulimotunzwa moto wa dola, haikuwa templum. Unapochora ramani, chora mipaka ya eneo, kisha madhabahu, ndipo uchore kuta. Ramani nyingi huyaacha madhabahu, na kwa maoni yangu hakuna pengo linalompotosha msomaji kuliko hilo, kwa sababu jengo zima lilipangwa kuyaelekea.

Kabla ya kushika vitabu, nenda ukasimame mbele ya Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Si hekalu, lakini mchoraji wake aliazima lugha hiyo hiyo: ngazi, simba wawili wa mawe, na nguzo ndefu zinazomkabili mgeni. Tazama jinsi unavyoelekezwa sehemu moja tu ya kupandia. Hekalu la Kigiriki kwa kawaida lilizungukwa na vidato pande zote, ilhali Warumi walirithi kwa Waetruski, watu wa kale wa Italia, jukwaa refu lenye ngazi upande wa mbele pekee. Vitruvius, msanifu aliyeandika katika karne ya kwanza KK, alitaka vidato viwe witiri, ili mguu wa kulia unaokanyaga kidato cha kwanza uwe ndio unaotangulia pia kufika juu. Panda ngazi za McMillan ukivihesabu, nawe utaielewa kanuni hiyo kwa miguu yako mwenyewe.

Sasa chukua picha ya Maison Carrée ya Nîmes, Ufaransa, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya kwanza BK na kutolewa kwa heshima ya Gaius na Lucius, warithi wa Augusto, mfalme wa kwanza wa dola ya Roma. Ina nguzo 30. Kumi kati yake zimesimama huru na kufanya baraza la mbele. 20 zilizobaki zimezama nusu ukutani, hazizungukiki, na kazi yake kubwa ni kuupa ukuta sura ya safu ya nguzo. Katika kila hekalu unalolisoma, tenganisha nguzo za baraza na hizo za ukutani.

Kisha pima. Kwa Vitruvius, kipimo cha hekalu ni unene wa nguzo yake, na nafasi aliyoipenda kati ya nguzo mbili ni unene huo mara mbili na robo, isipokuwa nafasi ya katikati, ambayo ni mara tatu. Nguzo ikiwa na upana wa milimita 8 katika picha iliyopigwa kutoka mbele, tarajia nafasi ya milimita 18, na 24 mbele ya mlango. Usishangae vipimo vikikataa. Yeye huyo alisema Mars, mungu wa vita, anastahili mtindo wa Doriki ulio mkavu, naye Venus, mungu wa kike wa mapenzi, mtindo wa Korintho wenye majani ya akantho; lakini hekalu la Mars Mlipiza Kisasi, lililozinduliwa na Augusto mwaka 2 KK, lina nguzo za Korintho. Kitabu kinapopingana na jiwe, mimi huliamini jiwe.

Katika mapambo, kaa sana kwenye utepe wa mawe ulio juu ya nguzo. Ule wa hekalu la Vespasian mjini Roma umechongwa fuvu la ng'ombe, kisu, shoka, jagi na sahani ya kumiminia kinywaji cha tambiko, yaani vyombo vya kazi iliyofanyika madhabahuni. Baada ya hapo inua macho kwenye pembetatu ya paa: huko Dougga, Tunisia, katika hekalu la Jupiter, Juno na Minerva lililojengwa mwaka 166 hadi 167, tai anapaa mbinguni akiwa amembeba mfalme Antoninus Pius, aliyekufa mwaka 161.

Usidanganyike na weupe wa marumaru. Hekalu la Portunus, karibu na mto Tiber, lilijengwa kwa sehemu kubwa kwa jiwe la volkeno, ndugu wa mawe ya machimbo wanayojengea mafundi wetu hapa Nairobi, kisha likapakwa lipu ya chokaa lifanane na marumaru. Na mapambo mengi ya mahekalu yalitiwa rangi. Hata mashimo madogo yasome. Herufi za shaba za Maison Carrée zilikuwa zimeng'olewa zamani, lakini mwaka 1758 Jean-François Séguier, mtaalamu wa mambo ya kale wa Nîmes, alifuata matundu ya misumari yake, akalirudisha andiko lenye majina ya wale vijana wawili, Gaius na Lucius. Basi unapofika Dougga au Nîmes, au hata ukiwa na picha kubwa tu mezani, weka karatasi laini juu ya sehemu iliyo tupu na utie nukta kila penye tundu.